Ofisa Saint Cyr na Sajini Persson: yupi zaidi?

Kwa medali, Henri Saint Cyr hana mpinzani: ofisa wa jeshi la Sweden, dhahabu ya Olimpiki ya mtu binafsi 1952 katika dresaji (mchezo wa kumwongoza farasi afanye hatua maalumu) akimpanda farasi Master Rufus, tena 1956 akimpanda Juli. Gehnäll Persson hakuwahi kuipata hiyo.

Lakini London 1948 walitwaa pamoja dhahabu ya timu, Persson akimaliza wa sita, nafasi moja tu nyuma ya mwenzake. Tatizo? Kanuni ziliruhusu maofisa pekee, naye alikuwa sajini aliyevishwa uluteni wa muda kwa ajili ya michezo hiyo. Mwaka 1949 dhahabu ikapokonywa, wakapewa Wafaransa. (Farasi hakuwa ameuliza nyota za begani.) Helsinki 1952 kizuizi kikaondolewa, Persson akarudi, timu ikashinda tena. Mimi namchagua sajini.