Saruji nyeupe: ipi ununue kwa kazi ipi

Saruji nyeupe ni saruji ya Portland sawa na ya kijivu. Kinachozitofautisha ni madini ya chuma, yanayoipa ile ya kawaida rangi yake. Malighafi yenye chuma kidogo ni adimu na kuichoma kunakula moto mwingi, hivyo bei hupanda. Usiizike kwenye msingi wala nguzo. Huko kijivu kinatosha. Kwa kazi za umaliziaji, mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza, kwa bafu na jiko, ni grauti ya kiwandani, yaani unga wa kuziba mianya ya vigae. Imeshachanganywa na dawa za kupunguza nyufa na kupenya kwa maji. Mianya ya vigae ikizidi milimita 3, chukua yenye mchanga.

Inayofuata ni mfuko wa saruji nyeupe yenyewe, wenye jina la kiwanda, daraja la nguvu (42.5 au 52.5) na tarehe. Kwa terazo, ile sakafu ya chembe za mawe na saruji inayosuguliwa hadi ing'ae, haina mpinzani. Nunua mifuko yote kwa mkupuo mmoja, maana weupe hutofautiana kati ya toleo na toleo, na sakafu itakuonyesha mpaka ulipoanzia mfuko mpya. Mchanga nao uwe mweupe, ndoo safi, mwiko usiwe na kutu hata chembe. Ukitaka rangi, unga wake usizidi asilimia 10 ya uzito wa saruji. Fundi avae glavu, kwa sababu saruji mbichi huchoma ngozi.

Kwa kuta, puti ya saruji nyeupe, ile ya kusawazisha ukuta kabla ya rangi, inashika nafasi ya tatu. Ndani na nje inafaa. Poda ya jipsamu ni ya nne: ni laini, inapigika upesi, lakini ni ya kuta kavu za ndani tu. Bafuni italainika na kubanduka, na hapo utalipa fundi mara mbili.

Ya mwisho ni ile ya kupimiwa kwa kilo kwenye nailoni isiyo na jina. Kama huna budi, koroga vijiko viwili na maji kidogo, finyanga kidonge. Kikikaza ndani ya nusu saa, shuku jipsamu. Kikibaki laini hadi kesho yake, huenda ni chokaa, au saruji iliyokwishaingia unyevu. Saruji nzima hukaza taratibu, na kesho yake ukikwaruza kwa ukucha haitoi unga. Hata ikifaulu, itumie kuziba mwanya mmoja mmoja, si sakafu nzima.