Tathmini endelezi au tathmini tamati: ipi inaufaa mradi wako?

Mwanafalsafa na mtaalamu wa tathmini Michael Scriven alizipa tathmini hizi mbili majina tofauti mwaka 1967, na hadi leo watu wanazichanganya. Tathmini endelezi hufanyika mradi ukiwa bado unaendelea, na wanaoihitaji kwanza ni wale wanaouendesha. Tamati huja mwishoni. Mara nyingi anayeisubiri ni mfadhili: fedha zimezaa matunda? Tuendelee au tufunge?

Mimi naegemea ya kwanza. Chukua darasa la jioni la watu wazima wanaojifunza kusoma. Ukifungua daftari la mahudhurio mwezi wa pili ukakuta nafasi tupu zinaongezeka kila Alhamisi, unawauliza wanafunzi wenyewe, unahamisha kipindi, na darasa linapona. Ripoti ya mwisho ingekuambia tu kwamba nusu waliacha. Hao wameshaondoka, na hakuna jedwali litakalowarudisha.

Hata hivyo tamati ina kazi yake nzito: kuonyesha kama mabadiliko yametokana na mradi wenyewe au yangetokea tu. Hapo unahitaji takwimu za awali, zilizokusanywa kabla shughuli hazijaanza, na ikiwezekana kundi la kulinganisha ambalo halikupata huduma. Zikikosekana, hata mtathmini hodari atabaki kukisia. Kwa hiyo ukichagua tamati, ipange tangu siku ya kwanza.

Gharama? Tamati mara nyingi hutaka mtaalamu wa nje. Endelezi timu yenyewe inaiweza, ilimradi kiongozi wao asimwadhibu anayeleta habari mbaya.