Agreeable Gray au Repose Gray: anza na taa zako

Lalamiko ni lilelile: sebule imepigwa kijivu, usiku inaonekana zambarau. Mara nyingi ni Repose Gray (SW 7015) ya Sherwin-Williams, kampuni ya rangi ya Marekani, au iliyonakiliwa kwayo, chini ya taa nyeupe za 6500K (K hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga huelekea bluu) na juu ya vigae vya krimu.

Chaguo langu la kwanza ni kijivu kingine cha kampuni hiyo, Agreeable Gray (SW 7029), wala sifichi. Kwa weupe hazipishani sana: kipimo cha kurudisha mwanga, cha 0 hadi 100, ni 60 kwa Agreeable, 58 kwa Repose. Tofauti ni rangi iliyojificha ndani. Agreeable ina ubeji (ukahawia mwepesi), hivyo inapatana na vigae vya krimu na milango ya mninga. Repose ina ubaridi wa kizambarau unaojitokeza ikikaa karibu na kitu chenye unjano. Hiyo ya pili iachie nyumba yenye sakafu nyeupe au ya kijivu na taa za 3000K hadi 4000K.

Ushauri wa Kimarekani kwamba chumba kinachotazama kaskazini huwa na mwanga wa baridi uache hukohuko. Dar na Nairobi jua huwa kaskazini miezi kadhaa, kisha kusini. Huku angalia magharibi: jua la saa kumi na moja jioni huipa hata Agreeable unjano.

Jaribia kwenye kipande cha jipsamu cha sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani ukipake mara mbili), kikauke kabisa, maana rangi ya maji hukolea ikikauka. Kisimamishe sakafuni, kigusane na vigae, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka.

Sasa wauzaji. Unawapa namba, wanatazama picha ya simu, wanakuchanganyia kwa macho, halafu "ni ileile hiyo". Hata mashine ikinakili kwenye rangi ya kampuni nyingine, vitia rangi si vilevile: zitafanana dukani, nyumbani ziachane. Kikopo cha kujaribia? Hawana, nunua lita 4.

Rangi za bei poa kabisa huacha unga mkononi ukigusa ukuta. Tuendelee.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.7, kinataka kama lita 8 kwa mikono miwili kwenye ukuta uliopigwa skimu (lipu laini ya kusawazisha) na praima (rangi ya msingi). Nunua zote siku moja, zimimine kwenye ndoo moja na ukoroge kabla fundi hajachovya rola. Makopo mawili ya namba moja yanaweza kupishana, na mpaka utauona katikati ya ukuta.