Jina la duka katikati ya "Malaika"

Kama una harusi Kigoma, usiingiziwe nyimbo kwenye flashi na yule kijana wa pale Mwanga. Nasema hivi nikiwa bado na hasira.

Tulitaka "Malaika" ya Angélique Kidjo, iliyo kwenye albamu yake ya mwaka 1991, Logozo. Siyo ile ya Boney M ya 1981; ile ni ya kuchezea disko, kilio cha wimbo hukisikii. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akauzungusha dunia, na hadi leo watu wanabishana aliyeutunga ni nani. Mimi kwa kuuimba nampa Kidjo. Kwao Benin, lakini Kiswahili anakiimba kwa heshima, hana haraka. Kijana wa kwenye wimbo anampenda binti na mali ya kumwolea hana. Mdogo wangu kahangaika na mahari miaka, ndiyo maana akataka kuingia ukumbini na mkewe kwa wimbo huohuo.

Dukani nilisikilizishwa mwanzo, safi kabisa. Nikalipa.

Basi ukumbini Ujiji, maharusi wamefika katikati ya watu, shangazi keshaanza kulia, mara sauti ya mwanaume inanguruma juu ya Kidjo: jina la duka, "mabingwa wa flashi Kigoma nzima", na namba ya simu. Mara mbili! Watoto wakaangua kicheko. Bibi harusi akasimama palepale, akidhani MC anamwita.

Nikamrudia yule kijana. Hata kunitazama hakunitazama. "Mama, hiyo nembo yetu, tunaweka kwenye nyimbo zote. Watu watajuaje umetoa kwetu?" Nikamwambia, mwanangu, huo wimbo si wako. Akageukia mteja mwingine.

Haki yake nimpe: nyimbo za bendi ya Tabora Jazz alizoniwekea zinasikika vizuri, na mjini hapa sijaona mwingine mwenye nyimbo za zamani nyingi kama yeye. Nilitaka kuandika kwamba nitarudi. Lakini nimezisikiliza tena sasa hivi, na nazo zina sauti ileile mwishoni. Hapana, sirudi! Labda aniwekee "Malaika" upya, bure, Kidjo peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na amwombe radhi bibi harusi wetu.