Kipima TDS cha mfukoni: kinunuliwe kabla mtambo wa kuchimba haujafika

Kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji) chenye umbo la kalamu, kile kinachouzwa kwenye maduka ya vichujio vya maji, kinastahili kuwa mikononi mwa kila jumuiya ya watumia maji kuanzia Rungwe hadi Momba, kusini magharibi mwa Tanzania. Sababu ni uchimbaji. Jotoardhi inatafutwa Ngozi na Kiejo-Mbaka, na heliamu inatafutwa Itumbula, kwenye bonde la Rukwa. Kazi hizo si lazima zihusishe kupasua miamba kwa maji ya shinikizo kubwa, teknolojia iliyojaza mahakama za Marekani kesi za visima vya majumbani. Hata hivyo kesi hizo zina funzo kwa kila anayeishi jirani na kisima kirefu: asiyejua maji yake yalikuwaje kabla, hana pa kushika.

Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilitunga sheria kuhusu hilo mwaka 2012. Maji yakiharibika ndani ya futi 2,500 (kama mita 760) kutoka kisima cha gesi cha aina hiyo, na ndani ya miezi 12, mchimbaji anahesabiwa kuwa ndiye aliyechafua hadi athibitishe vingine. Mojawapo ya njia za kujinasua ni kuonyesha vipimo vya kabla ya kuchimba, kwa hiyo wachimbaji wenyewe hukimbilia kupima. Kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka vyanzo vya maji, ila haimpi mwanakijiji kinga ya namna hiyo. Vipimo inabidi awe navyo mwenyewe.

Sasa kifaa. Kinachopimwa hasa ni uwezo wa maji kupitisha umeme, EC, kwa mikrosimensi kwa sentimita. TDS ni hesabu tu: vingine huzidisha EC kwa 0.5, vingine kwa 0.7. Maji yaleyale yenye EC 1,000 yatasomeka 500 hapa na 700 pale. Badilisha kifaa katikati ya mwaka, na daftari litaonyesha chumvi imepanda kwa asilimia 40 wakati chanzo hakijaguswa. Wakili wa upande wa pili atalirarua daftari hilo kwa dakika tano. Nunua chenye kitufe cha EC, na andika EC peke yake.

Kisichoweza kurekebishwa ili kisome namba sahihi kiachwe dukani. Cha kurekebishia ni mchanganyiko wenye EC ya 1,413: gramu 0.746 za kloridi ya potasiamu safi, maji yaliyokenekwa hadi lita moja, nyuzi 25. Tahadhari na “maji ya betri” ya dukani, kwani mengine yametiwa asidi.

Kwenye chemchemi za moto kama za Songwe, vifaa hivi husumbua. Vingi vinavumilia hadi nyuzi 50 tu, kwa hiyo jaza chupa hadi juu, funga, subiri yapoe. Maji hayo pia huacha chokaa kwenye vijiti vya kipimo, na namba hushuka polepole bila mtu kugundua. Loweka kwenye siki dakika kumi, suuza, rekebisha upya.

Kwa chumvi, kifaa ni hodari. Maji yanayorudi juu baada ya miamba kupasuliwa yanaweza kuwa na chumvi kuliko bahari mara kadhaa. Lita moja tu ya maji ya bahari ndani ya lita 1,000 za chemchemi ya mlimani hupandisha EC kwa takriban 50, na hilo kalamu inaliona.

Methani, kalamu haiioni kabisa. Nayo ndiyo kero kubwa ya visima vya gesi: saruji iliyozunguka bomba ikiwa na ufa, gesi hupanda hadi kwenye maji na EC isitikisike. Dizeli na benzini vivyo hivyo. Floraidi, yenye kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, haitenganishi na chumvi nyingine. Hayo ni kazi ya maabara ya maji, walau mara mbili kabla ya kuchimba: masika na kiangazi. Omba chupa za maabara yenyewe, kwa sababu sampuli ya maji ya kupimia gesi ikiwa na nafasi ya hewa haina maana.

Nyota nne kwa ulinzi wa kila wiki. Kama ushahidi pekee, moja.

Daftari liwe na tarehe, saa, jotoridi, EC, mvua ya jana, tarehe ya kurekebisha kifaa na sahihi za watu wawili. Nakala ipelekwe Bodi ya Maji ya Bonde, inayotoa vibali vya kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na ipokelewe kwa muhuri kabla ya mkutano wa wananchi wa tathmini ya mazingira.