Kishikwambi au kivuli cha mwembe?

Mwalimu anayependa teknolojia na michezo ana njia mbili za kazi: kubuni michezo ya kidijitali, au kuwatoa watoto nje.

Ya kwanza ilijaribiwa kwelikweli Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Kazi ya kubuni programu hizi hufanywa na wachoraji, watu wa sauti na waandika programu. Ulichobuni mara moja huchezwa na maelfu. Ubaya wake ni kwamba mtoto akikwama, humwoni anavyokunja uso.

Ya pili haihitaji chaji. Roots & Shoots, mpango wa mazingira kwa vijana wa mtafiti wa sokwe Jane Goodall, ulianza Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12 tu. Bao, na mashimo yake 32 na kete 64, ni somo tosha la hesabu. Ila mvua ikinyesha, kipindi kimekwisha.

Mimi ningeanzia nje. Aliyewaona watoto wakichoshwa na mchezo uwanjani atabuni programu isiyochosha. Aliyeanzia kwenye kompyuta hugundua kinachowachosha baadaye, tena kwa pesa za mwajiri. Ukizitaka zote, jaribu kusaka hazina: kila kundi simu moja yenye GPS (inayoonyesha mahali ulipo), na mafumbo ya hesabu yamefichwa chini ya miti.