Adapta za betri za drili: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mafundi wengi wa Mtwara na Lindi hatukununua zana zetu kwa mpigo. Drili ilipatikana msimu mmoja wa korosho, grinda msimu uliofuata, taa ya kazi ikaletwa na ndugu aliyetoka Dar. Ndiyo maana sanduku moja linakuwa na betri ya njano ya DeWalt, drili ya Makita na impakti (mashine ya kukazia skrubu) ya Total, na hakuna betri inayoingia kwenye zana ya mwenzake. Zote zimeandikwa volti 18 au 20, zote ni za lithiamu, ila kila kampuni imechonga reli na pini zake kivyake. Adapta inauzwa kwa ajili ya tatizo hilo: upande mmoja inapokea betri ya kampuni moja, upande wa pili inakaa kwenye zana ya kampuni nyingine kana kwamba ndiyo betri yake.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: betri ikikaribia kuisha, nani anakata umeme? Bei na ugumu wa plastiki nimevitazama baada ya hapo. Huku kwetu betri ya asili ina thamani kubwa kuliko adapta, na ikifa ni kuagiza Kariakoo na kuisubiri ije kwa basi, zaidi ya kilomita 400. Adapta inayoua betri ni hasara hata ukipewa bure.

Kwanza tuimalize habari ya 18 na 20, maana wauzaji wengi huitumia kumchanganya mteja. Betri ya aina hii ina selli tano, yaani vibetri vidogo vya ndani, zilizofuatana. Kila selli hutajwa kuwa na volti 3.6, mara tano ni 18. Ikijaa kabisa selli hufika 4.2, hivyo betri nzima inasoma 21. Kampuni moja huandika 18, nyingine huandika 20, na ndani ni kitu kilekile. Kwa hiyo betri ya 20 kwenye zana ya 18 haina shida ya volti. Shida ipo kwa betri za volti 12, ambazo zina selli tatu, na zile za 40, ambazo zina kumi. Hizo hazina adapta ya halali kwenda 18, hata muuzaji akiapa.

Sasa tuje kwenye kukata umeme, maana hapa ndipo pesa inapopotelea. Selli ya lithiamu haitakiwi kushushwa hadi mwisho. Chini ya volti 2.5 inaanza kuumia. Ikishuka chini ya 2 na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kujijenga mahali pasipo pake na kupiga shoti ndani kwa ndani. Kila kampuni inajua hili na kila kampuni ina ulinzi, lakini haziuweki mahali pamoja. Betri ya DeWalt ya volti 20 inaitegemea zana isome hali yake na kukata. Betri ya Makita ina kiunganishi kidogo cha pembeni, mara nyingi cha njano, kinachopeleka taarifa kwenye zana, na zana ndiyo inayojizima. Weka adapta ya kawaida katikati, yenye njia mbili tu za chanya na hasi, na mazungumzo hayo yanakatika. Zana inakula mpaka tone la mwisho, betri haina wa kuitetea. Ukiipeleka kwenye chaja, chaja inaikataa. Kwa Makita, chipu ya ndani inaweza hata kuifunga betri isichajiwe tena kabisa.

Ukilielewa hilo, unaweza kuipanga orodha hii mwenyewe.

1. Adapta ya kampuni yenyewe

Ni chache na zinafanya kazi nyembamba, lakini ndizo bora. Mfano ulio wazi ni DCA1820 ya DeWalt. Inaruhusu betri mpya za lithiamu za volti 20 zikae kwenye zana zao za zamani za volti 18, zile za betri nene za nikeli zenye shina linalozama kwenye mpini. Ina tundu la USB la kuchajia simu. Kama una drili ya DeWalt ya zamani ambayo mota yake bado nzima na betri zake zilikufa siku nyingi, hii inairudisha kazini bila wasiwasi. Sharti lake moja ni kuitoa betri ukimaliza kazi, kwa sababu adapta huendelea kunywa umeme kidogo kidogo ikiwa imechomekwa.

Usiidharau hiyo kidogo kidogo. Kifaa kinachokula milliampea 10 tu humaliza betri ya ampea-saa 4 kwa siku 17 hivi. Ukisafiri kwenda kuhani Newala ukakaa, unarudi unakuta betri imekufa. Sharti hili linahusu adapta zote zilizomo humu, si hii peke yake.

2. Adapta ya kampuni nyingine yenye saketi ya kukata na fyuzi

Kwa fundi wa kawaida, hii ndiyo ya kununua. Zipo za kutoka DeWalt kwenda Makita, Milwaukee kwenda Makita, Bosch kwenda Makita na kinyume chake, nyingi zikitengenezwa China. Kwa Total na Ingco, ambazo zimejaa madukani kwetu, chaguo ni finyu zaidi, kwa hiyo nenda dukani na zana na betri yako mkononi, usiende na jina tu.

Maandishi ya kwenye boksi yasikutoshe. "Ina ulinzi" huandikwa hata pasipo na ulinzi. Mwambie muuzaji aifungue skrubu nne za chini, au muelewane kwamba utaijaribu na kuirudisha. Ndani unatafuta kibao cha saketi chenye transista (swichi za kielektroniki) nene mbili au zaidi zilizokaa kwenye njia kuu ya umeme. Ukikuta waya mbili tu zinatoka upande huu kwenda upande ule, hiyo ni ya daraja la chini, ilipwe bei ya daraja la chini.

Jaribio la kweli unalifanya nyumbani. Chukua betri iliyokwisha tumika, siyo iliyojaa, chomeka adapta na drili, izungushe bila mzigo huku multimita, kile kipimo cha volti, ikiwa kwenye pini kuu. Umeme unatakiwa ukatike karibu na volti 15, yaani 3 kwa kila selli. Ikishuka hadi 13 na drili bado inazunguka, achia kitufe papo hapo. Adapta hiyo haina ulinzi, irudishe.

Fyuzi iwe ya aina ya magari, ya kuchomeka, ili ikiungua uipate kwenye duka lolote la spea, iwe Masasi, Nachingwea au Kilwa Masoko. Ampea 30 zinatosha drili na impakti, 40 kwa grinda.

3. Adapta ya kawaida uliyoiongezea swichi na mita ndogo ya volti

Hii naiheshimu sana, kwa sababu kazi yote inafanyika hapahapa. Unanunua adapta ya njia mbili, unampelekea fundi redio, anaweka swichi nzito na kile kiskrini kidogo kinachoonyesha volti, kile kinachofungwa kwenye pikipiki na mifumo ya sola. Haikati yenyewe. Wewe ndiye unayekata: ukiona 15 wakati zana imepumzika, unaiondoa betri. Kwa fundi anayefanya kazi peke yake na mwenye nidhamu, inatosha. Kwa karakana yenye vijana watatu wanaopokezana drili hainifai, maana hakuna anayesoma namba wakati bosi anataka dirisha la aluminiamu likamilike kabla ya magharibi.

Muulize fundi redio swichi yake inabeba ampea ngapi. Swichi ya taa ya ukutani haifai hata kidogo.

4. Adapta ya njia mbili, ilivyo

Ndiyo ya bei ya chini na ndiyo utakayoikuta kwa wingi. Kwa drili na impakti inavumilika kwa sababu moja: mkono unahisi. Betri ikipungua, mzunguko unalegea, skrubu inakwama kwenye mninga, unajua muda umefika. Simama hapo hapo, usiilazimishe skrubu moja ya mwisho.

Kwa taa, redio na feni usiitumie kabisa. Watu hudhani kazi ndogo ndiyo salama kwa adapta ya bei rahisi, na ni kinyume. Taa ya LED hula umeme kidogo mno na huendelea kuwaka hata betri ikiwa imechoka, na hakuna mkono wa kuhisi. Umeme wa mikoa hii miwili umetegemea kwa miaka mingi mitambo ya gesi ya pale Mtwara, na kila fundi anakumbuka zile siku za giza mtambo ulipokuwa kwenye matengenezo. Ukiwasha taa ya kazi kupitia adapta ya aina hii ukapitiwa na usingizi, asubuhi unaamka na betri iliyokufa.

5. Adapta iliyochapwa kwa mashine ya plastiki

Nyingi huchapwa kwa plastiki iitwayo PLA, ambayo hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Joto la kawaida la Mtwara halifiki huko, ila dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Mnazi Mmoja mchana inaweza kulikaribia, na pini zenyewe zinachemka zinapobeba mzigo. Plastiki ikilegea, pini zinaachana au zinagusana. Nisingeichukua kwa grinda hata kidogo. Iliyochapwa kwa ABS au ASA, plastiki zinazovumilia joto zaidi, ni afadhali, kama muuzaji anaweza kukuthibitishia.

Waya zenye klipu za mamba za kuunganisha drili na betri mbili za sola sikuziweka kwenye orodha. Betri mbili za asidi zikijaa hupita volti 25, na zana hii imeundwa kwa 21.

Grinda ni kesi ya peke yake

Grinda ya inchi nne na nusu ikila wati 700 kwenye volti 18 inavuta karibu ampea 39. Pini za adapta zikiwa na ukinzani mdogo tu wa milliohmu 10, hapo pinini panazaliwa joto la wati 15, ndani ya kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani. Ndiyo sababu adapta nyingi huungua kwenye grinda na kudumu miaka kwenye drili. Ukitaka adapta ya grinda, waya wa ndani uwe wa shaba wa milimita za mraba 4. Kwa drili 2.5 inatosha, ule ule unaotumika kupeleka umeme kwenye soketi za nyumba. Kata chuma dakika tano, itoe betri, shika pini. Ukishindwa kuzishika, adapta hiyo haifai kwa kazi hiyo.

Nenda dukani na sumaku. Pini nzuri ni za shaba au shaba nyeupe iliyopakwa nikeli, na sumaku huzigusa kwa ulegevu tu au haizigusi kabisa. Sumaku ikinasa kwa nguvu, ndani ni chuma. Chuma hushika kutu. Kwa fundi wa Tandahimba, mbali na bahari, hilo linaweza kuchukua muda kuonekana, lakini kwa aliyeko Mikindani, Shangani au Lindi mjini ufukweni, upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku na kutu haingoji. Hata pini nzuri zifute mara kwa mara kwa spiriti na kitambaa kikavu. Msasa unaondoa nikeli, uuache.

Usichaji betri ikiwa kwenye adapta, hata kama chaja inaingia. Chaja inahitaji kusoma joto la betri kupitia pini yake maalumu, na adapta nyingi hazina pini hiyo. Betri iliyokataliwa na chaja usikubali pia "kuamshwa" kwa kugusishwa waya na betri nyingine. Ile shaba iliyoyeyuka ndani haionekani kwa macho, na nyumba za makuti zilizobanana hazina nafasi ya kujaribia moto.

Kuhusu bei nina kipimo kimoja. Adapta ikifika nusu ya bei ya zana tupu, ile inayouzwa bila betri wala chaja, iache na ununue zana tupu ya mfumo ulio nao tayari. Ukiwa na betri mbili nzuri za Makita, grinda tupu ya Makita itakuhudumia vizuri kuliko adapta yoyote ya namba mbili. Angalia tu zile zana za bei rahisi zenye reli ya kufanana na ya Makita: betri inaingia bila adapta, lakini nyingi hazisomi kile kiunganishi cha pembeni, na hapo umerudi kwenye tatizo la namba nne huku ukidhani umelikwepa.

Ukishalipa, dai risiti ya mashine ya EFD na uandikishe juu yake siku za kurudisha, hata kama ni tatu. Siku tatu zinatosha kufanya jaribio la volti 15, na muuzaji anayejua anachouza hatakataa.